Makaburi ya Warumi pale York: zaidi ya 40 walikatwa vichwa, kisha wakazikwa mahali pa heshima. Kwa nini?

#1 Mchanga wa Pwani

Wakuu, kwema?

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita. Nalileta jukwaani maana hapa kuna watu wa kila fani.

Naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na kazi hunipeleka York mara mbili kwa wiki. Basi hupita barabara moja yenye mwinuko inaitwa The Mount. Mtaa wa kawaida tu: nyumba za matofali, miti mikubwa, wazee wanatembeza mbwa. Nimepita pale miaka mitatu bila kujua kwamba chini yake ni makaburi ya Warumi. Mji wenyewe waliuanzisha mwaka 71 BK wakauita Eboracum. Sheria yao ya kale, ile ya Vibao Kumi na Viwili, ilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Kwa hiyo wafu waliwekwa nje, kando ya njia kuu, na kila anayeingia mjini lazima awapite.

Mwaka 2004 na 2005, York Archaeological Trust walichimba viwanja viwili vya mtaa wa Driffield Terrace kabla ya ujenzi. Wakakuta mifupa ya watu zaidi ya 80. Karibu wote wanaume. Wengi hawakufika miaka 45. Warefu kuliko wastani wa watu wa Uingereza wa enzi zile, na wengi wana majeraha ya zamani yaliyokwisha kupona. Zaidi ya 40 kati yao walikatwa vichwa.

Vichwa havikutupwa. Mara nyingi kichwa kilizikwa na mwili wake, ila kwa wengi si mahali pake: huyu kati ya magoti, yule miguuni, mwingine kifuani. Mmoja alizikwa na pete nzito za chuma miguuni, hakuna aliyejihangaisha kumvua. Na hayo yote yako kwenye mwinuko nje ya mji, kando ya barabara kubwa, ambako watu wenye nafasi zao ndiko walikopenda kuzikwa.

Aliyewakata ni nani? Na kama walikuwa wahalifu au maadui, mbona wamezikwa hapo?

#2 Kisiki

Naweka kambi hapa. Wajuvi njooni.

#3 Mama Shani

Asante kwa uzi. Mimi si mtu wa historia, nina swali la kawaida. Miaka 1,800 imepita. Watu wamelima hapo, wamejenga, wamechimba mitaro ya maji. Wanajuaje vichwa vilikatwa siku ya kifo na si jembe la mtu lililopita baadaye?

#4 Mchanga wa Pwani

@Mama Shani swali zuri sana, nami nililiuliza. Jibu liko kwenye mfupa wenyewe.

Nenda buchani uangalie muuzaji anapokata kongoro kwa shoka. Mfupa mbichi una unyevu na una mafuta, kwa hiyo ukipigwa na chuma kikali unakatika ukaacha uso laini, karibu unang'aa. Sasa chukua mfupa uliokaa juani miaka, upige vilevile. Unapasuka hovyo, kingo zinakwaruza, na ndani rangi ni nyeupe kuliko nje. Za York ni za aina ya kwanza. Pingili za shingo zimekatwa kama mtu alivyokata boga, na mapigo mengi yametokea nyuma. Kuna waliokatika kwa pigo moja, na kuna waliopigwa mara kadhaa.

Halafu jembe halichukui kichwa likakipanga vizuri kati ya magoti ya mwenyewe.

#5 Mwalimu Mstaafu

Salaam. Mimi naona mnatafuta mbali. Hii ni adhabu ya serikali, basi.

Katika sheria ya Kirumi, kukatwa kichwa kwa upanga kilikuwa kifo cha mtu mwenye hadhi. Mtumwa na mtu wa chini alisulubiwa, au alitupiwa wanyama. Wakristo mnakumbuka mapokeo: Petro alisulubiwa, Paulo akakatwa kichwa, kwa sababu Paulo alikuwa raia wa Roma. Kwa hiyo upanga wa shingo pekee haumfanyi mtu kuwa takataka.

Na kuhusu maziko: sheria hiyohiyo iliruhusu maiti ya aliyeuawa na dola apewe yeyote anayeomba kumzika. Yusufu wa Arimathaya alikwendaje kwa Pilato? Alikwenda kuomba mwili, akapewa. Sasa nani angewaomba vijana wa York? Ndugu, au askari wenzao. Eboracum ilikuwa ngome ya jeshi.

#6 Gwiji la Mtaa

Mwalimu shikamoo, ila hapa nakupinga. Hao ni magladieta, wale wapiganaji wa maonyesho ya uwanjani. Hebu unganisha: wanaume watupu, vijana, warefu, majeraha yamepona, na baadhi mkono wa kulia umekomaa kuliko wa kushoto kama mtu aliyeshika silaha tangu utotoni. Na Aprili 2025 imetoka makala ya kisayansi kwenye jarida la PLOS ONE: mmoja wao, mwanaume wa miaka 26 hadi 35, ana alama za meno kwenye nyonga. Wamezipima kwa picha za pande zote, wakazilinganisha na alama za meno za wanyama wa bustani za wanyama. SIMBA.

Simba, York! Barafu ile yote. Simba alifuata nini kule kama si kuletwa uwanjani?

#7 Kisiki

Gwiji umetisha. Simba wetu kafika Ulaya kabla ya wachezaji mpira.

#8 Dereva wa Porini

Wakuu, hapo kwa simba mniachie kidogo.

Nimeendesha watalii miaka 19, Serengeti zaidi na Ruaha kidogo. Gwiji, hizo alama umesema ziko kwenye nyonga. Simba haui kwa nyonga. Anaua kwa kubana koo, au anafunika pua na mdomo mpaka pumzi ikatike. Nyonga na tumbo ndiko anakoanzia KULA. Mwaka juzi nilikuta nyati kando ya mto Mbalageti asubuhi, bado ana joto. Puani ana matundu manne, hakuna kingine mbele kote. Nyuma, juu ya mkia, nyama imefunguka mpaka mfupa, na kwenye mfupa kuna mashimo yanaingia kidole cha mwisho.

Kwa hiyo kama mtu wa York ameng'atwa nyonga na mfupa haukuonyesha kupona, mimi nasema simba alimkuta chini tayari. Amekufa, au yuko mahututi hawezi kujitetea. Huyo si gladieta aliyeshindwa pambano na simba. Huyo kalishwa.

#9 Gwiji la Mtaa

@Dereva wa Porini nimerudi kuisoma makala vizuri, na nakiri umepatia bila kuisoma. Watafiti nao wanasema jeraha halikupona, na kung'atwa nyonga hakukuwa ndiko kulikomuua, ila kulitokea karibu na muda wa kufa. Baadaye akakatwa kichwa. Akazikwa na wenzake wawili kaburi moja, na juu yao mifupa ya farasi.

Ila bado ni uwanjani! Kuna aina ya wapiganaji waliofanya kazi na wanyama tu. Na kichwa kukatwa mwishoni inaweza kuwa ni kummaliza aache kuteseka.

#10 Mwalimu Mstaafu

Marahaba Gwiji. Lakini umejijibu mwenyewe. Kutupiwa wanyama ilikuwa HUKUMU, na waliohukumiwa hivyo hawakuwa magladieta. Umerudi kwangu.

Swali la pili kwako: uwanja wa mapigano wa York uko wapi? Ngome imeonekana, kuta zimeonekana, mabafu yameonekana. Uwanja bado.

#11 Gwiji la Mtaa

Mwalimu, kutokuonekana si kutokuwepo. Mji mzima umejengwa juu yake.

#12 Binti Eboracum

Habari. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nasoma mambo ya kale huku Uingereza.

Nawaongezea la tatu ambalo hamjaligusa. Mwaka 211 kaizari Septimius Severus alifia York, tarehe 4 Februari. Huyu ni Mwafrika, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Mwili wake ulichomwa hukohuko na majivu yakapelekwa Roma. Mwanawe Caracalla alipoingia madarakani alisafisha nyumba ya baba yake: mwandishi Cassius Dio anasema aliua mpaka mlezi wake Euodus na mtumishi mkuu Castor. Wachimbaji walipoona vichwa vingi namna ile mahali pamoja, wazo hilo nalo lilitajwa, kwamba labda hawa ni watu wa ikulu waliochinjwa na Caracalla.

#13 Mchanga wa Pwani

@Binti Eboracum karibu sana. Hilo la Caracalla mimi lilinivuta mwanzoni, kisha nikaliacha. Makaburi yale hayakuchimbwa wiki moja wala mwaka mmoja. Yanaanzia karne ya kwanza au ya pili mpaka ya nne, kizazi baada ya kizazi, na vichwa vinaendelea kukatwa. Caracalla hawezi kuua watu waliozikwa kabla hajazaliwa.

#14 Binti Eboracum

Sahihi, kwa wote haiwezekani. Kwa baadhi yao mlango uko wazi.

#15 Fundi Maabara

Wakuu, ya vichwa mmeongea. Mmesahau matumbo.

Wamepima pia isotopu (aina za elementi moja, kama kaboni, zenye uzito tofauti) kwenye mifupa na meno. Nawaeleza kwa lugha ya jikoni. Mimea haibebi kaboni kwa uwiano mmoja. Ngano, shayiri na mpunga wako kundi moja. Mahindi, mtama, uwele na miwa wako kundi la pili. Ukila kundi la pili miaka mingi, mfupa wako unaandika. Mimi niliyekulia ugali, mkinifukua baada ya miaka elfu mtajua sikuwa mtu wa mkate.

Uingereza ya Warumi ilikuwa nchi ya ngano na shayiri. Lakini kwenye makaburi yale wamekuta watu wawili ambao mifupa yao inasema walikula nafaka ya kundi la pili, jamii ya uwele. Hao hawakukulia pale.

#16 Kisiki

Wala uwele? Basi hao ni wa Dodoma, msinibishie.

#17 Fundi Maabara

Kisiki punguza. Uwele wa aina yao ulilimwa sehemu nyingi za Ulaya bara na kusini, hakuna haja ya kuwapandisha treni ya Dodoma. Lakini wageni walikuwepo kweli. Mwaka 2016 ilitoka kazi ya vinasaba vya watu saba wa Driffield Terrace. Sita wanafanana na watu wa Wales wa leo kuliko wengine. Wa saba anatokea upande wa Mashariki ya Kati, karibu na Wasyria, Wajordani na Wapalestina. Kichwa chake kilikatwa kama vya wenzake na amelala udongo uleule.

#18 Mwalimu Mstaafu

Mchanganyiko huo ni jeshi. Jeshi la Roma ndilo lililokusanya watu wa Wales na Syria kwenye kambi moja.

#19 Gwiji la Mtaa

Au kambi ya magladieta, Mwalimu. Nao walinunuliwa kila kona.

Na msisahau Efeso. Mwaka 1993, Uturuki, yalipatikana makaburi ya magladieta yenye mawe yaliyochorwa picha zao na silaha zao. Hapo hakuna ubishi. Watu zaidi ya 60, karibu wote wanaume vijana, majeraha yamepona vizuri kuonyesha walikuwa na waganga wazuri.

#20 Binti Eboracum

Efeso inakuumiza, haikusaidii. Kule majeraha ya mwisho yako kwenye fuvu, mengine ya mkuki wa meno matatu, mengine ya kitu kama nyundo. York ni shingo, shingo, shingo. Kama ni kazi moja, mbona alama mbili? Na pale York hakuna hata jiwe moja lenye jina la gladieta.

#21 Mzuka wa Ziwani

Mimi nasoma kimya tangu jana. Nyote mnaongelea mkataji. Mimi nataka kumwongelea mzikaji.

Kichwa kuwekwa miguuni, kwangu ni woga. Ni ili asijue njia ya kurudi. Warumi waliogopa wafu wao. Mwezi Mei walikuwa na siku tatu, tarehe 9, 11 na 13, zinaitwa Lemuria. Mshairi Ovid ameeleza: usiku wa manane baba mwenye nyumba anaamka, hana viatu, ananawa mikono, anachukua maharage meusi na kuyatupa nyuma bila kugeuka, anasema mara tisa kwamba kwa maharage haya anajikomboa yeye na watu wake. Kisha anagonga shaba na kuwaambia mizimu ya baba zake watoke. Watu wa namna hiyo hawashindwi kuficha kichwa cha mfu.

#22 Mama Shani

@Mzuka wa Ziwani umenitia baridi. Lakini kama wanamwogopa, si wangemchoma tu? Au wamtupe mtoni? Mtu unayemwogopa humchimbii kaburi, ukamnyoosha, ukamwekea na nyama ya farasi.

#23 Mzuka wa Ziwani

Kuchoma ndiyo ilikuwa desturi yao ya zamani. Kuanzia karne ya pili na ya tatu ndipo kuzika mwili mzima kulipoenea zaidi. Na kumwogopa mtu na kumtunza si vitu viwili. Kwetu tunawaogopa wazee waliotangulia na ndiyo sababu tunawatunza.

#24 Mzee wa Mwiko

Habari wanajukwaa. Nilifanya kibarua cha uchimbaji wa mambo ya kale huku pwani misimu miwili, kwa hiyo naweza kusema machache ya shimoni.

Mtu akifukua mifupa hachimbi na jembe. Unapiga magoti, mwiko mdogo, unakwangua udongo kwa upana wa kiganja. Kaburi huonekana kwanza kama doa: udongo uliojazwa una rangi tofauti na ule usioguswa. Ukifika kwenye mfupa unaacha chuma, unashika kijiti na brashi. Kila udongo unaotoka unapita kwenye chekecheo, maana jino au ushanga ukipotea hapo umepotea. Na haunyanyui kitu mpaka kimepigwa picha na kuchorwa pale kilipo. Kichwa kikiwa miguuni, ule mchoro ndio ushahidi wote. Ukikinyanyua kabla, umebaki na fuvu tu.

Sasa la kwangu kuhusu hoja. Hii si ya York peke yake. Cambridgeshire, mahali panaitwa Knobb's Farm, wamefukua watu 52, na 17 walikatwa vichwa, WANAWAKE WAMO. Fleet Marston, Buckinghamshire, mwaka 2021 walipokuwa wanapitisha reli ya mwendokasi, walikuta makaburi kama 425 na takriban asilimia 10 walikatwa vichwa. Vichwa viko kati ya miguu vilevile. Huko ni vijiji na miji midogo. Hakuna ikulu. Hakuna Caracalla. Na bibi wa shambani hakuwa gladieta.

#25 Gwiji la Mtaa

Hapo kwa wanawake umenibana mkuu. Sina jibu la haraka.

#26 Mwalimu Mstaafu

Karne ya tatu na ya nne adhabu za kifo ziliongezwa sana. Wanawake nao walihukumiwa.

#27 Mzee wa Mwiko

Mwalimu, mtu mmoja kati ya kumi kwenye kijiji? Hicho kijiji kilikuwa na kosa gani?

Kuna wanaoona kwamba kwa baadhi yao kichwa kilikatwa baada ya kufa, polepole, kama sehemu ya maziko. York ni tofauti, pale walipiga kwa nguvu kutokea nyuma. Kwa hiyo inawezekana tunaita jina moja vitu viwili au vitatu.

Na mkitaka kujua Driffield si kawaida, tazameni jirani. Mlima huohuo, Trentholme Drive, miaka ya 1951 hadi 1959 walifukua zaidi ya watu 300. Wanaume, wanawake, watoto, mafukara kwa wingi. Hao ndio wananchi. Driffield ni kundi lililochaguliwa.

#28 Mhasibu wa Chama

Naomba nitoke nje ya mada kidogo, mtanisamehe. Hapo juu mtu ameuliza nani aliwazika. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu, na juzi nilisoma jambo likanifanya nisimame.

Warumi walikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Kimeandikwa kwenye jiwe la mwaka 136 BK lililopatikana Lanuvium, Italia. Kiingilio sesta 100 (sarafu zao) na mtungi wa divai nzuri. Ada kila mwezi. Ukifa ukiwa umelipa, chama kinatoa sesta 300 za maziko, na kati ya hizo 50 wanagawiwa waliohudhuria kwenye kuni za kuchomea maiti. Ukifia mbali zaidi ya maili 20 na taarifa ikafika, wanachaguliwa watu watatu waende kukuzika, na hesabu wakaitoe mbele ya wanachama bila udanganyifu. Mnaotudai posho ya usafiri kila msiba mmesikia. Na mwanachama mtumwa akiachiwa huru, analeta mtungi wa divai.

Mwenye deni la ada alikuwa hapati kitu. Sisi kikao cha mwezi uliopita tulibishana saa mbili juu ya kipengele hichohicho.

#29 Kisiki

Mhasibu, kiingilio cha mtungi mzima? Kwetu ni elfu kumi na sahani zako mwenyewe.

#30 Nyar Kisumu

Mhasibu, hiyo ya jiwe la Lanuvium mimi nimewahi kuisoma, na umeacha kipengele kikubwa kuliko vyote. Mwanachama mtumwa akifa, na bwana wake kwa roho mbaya akakataa kutoa mwili, chama kinamfanyia maziko ya sanamu. Wanazika mfano wake.

Sisi Wajaluo tunalijua hilo. Mtu akipotelea majini au vitani, mwili usipopatikana, tunazika yago, lile tunda refu la mvungunya. Linalazwa kaburini kama mtu, na kilio kinafanyika kama kawaida. Majirani zetu Waluhya wanatumia shina la mgomba.

#31 Mama Shani

Nyar Kisumu, nimeacha sufuria jikoni kuja kukujibu.

Sisi tumezika mgomba. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi, boti ikazama ziwani usiku, wenzake wawili walipatikana, yeye hapana. Tulisubiri siku kumi na moja ufukweni. Bibi ndiye aliyesema inatosha, mtoto wangu hawezi kukaa bila mahali. Wakakata mgomba wa urefu wake, wakaufunga kwenye shuka lake la michirizi ya bluu, na bibi akauosha ule mgomba sehemu ya uso kwa maji ya uvuguvugu. Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikisema kaburi la baba mdogo nalimaanisha lile.

Kwa hiyo hao wa York mimi nawaona hivi. Kuna mtu alikwenda kukichukua kile kichwa. Kingeweza kubaki kwenye mti wa ngome. Kuna mtu alikiokota, akakipeleka kwa mwenyewe. Kwa nini hakukirudisha shingoni sijui, ila alikipeleka.

#32 Nyar Kisumu

Pole sana dada yangu. Bibi alifanya vyema.

#33 Mhasibu wa Chama

Pole Mama Shani.

#34 Mzuka wa Ziwani

Pole mama. Na hoja yako imenigusa mahali. Kichwa kukirudisha shingoni maana yake ni kusema hakuna kilichotokea. Kukiweka kati ya magoti ni kusema: huyu alikatwa, na tunajua. Labda si woga peke yake.

#35 Binti Eboracum

Turudi York, maana kuna mwanamke hamjamsikia na ana undugu kidogo na pwani yetu.

Mwaka 1901, mtaa wa Sycamore Terrace, lilipatikana jeneza la jiwe la karne ya nne. Ndani msichana wa miaka 18 hadi 23. Ana bangili za pembe ya ndovu na bangili za lile jiwe jeusi la Yorkshire, shanga za kioo, chupa ya kioo cha buluu, kioo cha kujitazamia. Kuna na kibao cha mfupa chenye maandishi yanayomsalimu dada na kumtakia aishi katika Mungu. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Reading walimpima, wakasema asili yake inaelekea kuwa mchanganyiko, Afrika ya Kaskazini ikiwemo. Yuko kwenye makumbusho ya Yorkshire.

Hakukatwa kichwa, hakufungwa chuma. Mji uleule.

#36 Kisiki

Pembe hizo zilitoka wapi? Msiniambie Rufiji.

#37 Mzee wa Mwiko

Kisiki, mara hii hujakosea njia sana. Ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, Periplus, unasema pwani yetu waliyoiita Azania ilitoa pembe za ndovu kwa wingi, na bandari ya mwisho ilikuwa Rhapta. Ila unasema ubora wake ni chini ya zile za Adulis, huko Eritrea ya leo. Na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za Kirumi kutoka delta ya Rufiji. Biashara ilikuwepo. Lakini bangili ya karne ya nne York huwezi kuifunga kamba moja kwa moja na Rufiji. Ndovu walikuwa sehemu nyingi.

#38 Gwiji la Mtaa

Nimelala na swali la wanawake nikaamka nalo. Nasema hivi: Knobb's Farm na Fleet Marston ni desturi au adhabu, mchague wenyewe. Driffield ni magladieta. Simba hamjanijibu bado.

#39 Mwalimu Mstaafu

Nimekujibu, hukupenda jibu.

#40 Fundi Maabara

Gwiji, huyo wa simba ana jambo lingine kwenye mifupa. Mgongo wake ulikuwa umebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi, na meno yake yanaonyesha alikosa lishe utotoni, kisha akapona. Mtoto aliyelala njaa, akakua, akafanya kazi ya kuvunja mgongo. Gladieta anaweza kuwa hivyo. Mtumwa vilevile. Askari pia.

#41 Mchanga wa Pwani

Wakuu nawashukuru. Leo nilishuka kwenye basi vituo viwili kabla. Nimetembea The Mount mpaka kona ya Driffield Terrace. Hakuna cha kuona: uzio, maua, gari limeegeshwa. Nikageuka nyuma na hapo ndipo nikaelewa kitu. Ukisimama pale, barabara inashuka moja kwa moja mpaka mjini. Yeyote aliyekuwa anakuja Eboracum kutokea kusini alipita mbele ya wale watu dakika chache kabla ya kufika. Mzikaji hakuwaficha.

@Dereva wa Porini, makala ya simba inasomwa bure, nimepata picha ya ile nyonga. Naiweka hapa?

#42 Dereva wa Porini

Iweke mkuu. Hakikisha ni ile yenye kipimo pembeni, nipate umbali kati ya tundu na tundu. Ninalo fuvu la nyati wa Mbalageti nyumbani kwa kibali, nitapima usiku nikirudi kutoka getini.